Wageni 1,412 wa Mtaa wa Msufini

Nchi ninayotaka kuieleza haipo. Nilipata kuitafuta kwenye ramani, ofisa mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba akaniuliza naitafuta ya nini, nikaacha. Kwa hiyo msomaji asinisumbue kutaka kujua iko upande gani. Akiona imefanana na anapokaa yeye, hayo ni ya kwake na macho yake.

Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi katika mtaa wa Msufini. Jina langu Tamimu, ila hakuna anayelitumia. Hata mke wangu huniita Mjumbe, na akikasirika huniita Serikali. Kazi yangu kubwa ni kuandika Daftari la Wageni. Kwetu, mtu akija kulala kwako unamleta nimwandike: ni nani, ametoka wapi, amekuja kufanya nini, ataondoka lini. Zamani tuliandika watu tu. Kisha mbuzi mmoja kutoka wilaya jirani akalala mtaa wa pili siku nne bila taarifa, na siku ya tano akala bango lenye picha ya Kiongozi. Ukashuka waraka: kuanzia leo, kila chenye miguu kitakacholala mtaani zaidi ya siku tatu kiandikwe. Mimi waraka sibishani nao. Nimeandika bata, nimeandika kobe, na shemeji yangu aliyekuja kwa wiki moja mwaka juzi nimemwandika mara thelathini na nne.

Ofisi yangu ni kiti. Msifikiri ni kiti hivi hivi. Kilikuja kwa meli kutoka nchi rafiki, zawadi ya Jubilei ya Kiongozi, na kila mjumbe nchi nzima alipewa chake: kipana, mgongo mrefu, kimechongwa simba anayecheka. Kila asubuhi nilikuta unga laini wa rangi ya maziwa umedondoka chini yake. Niliuliza wilayani, nikajibiwa kwamba mbao za hali ya juu hutoa poda. Nikawa naufagia kwa adabu. Na kwa kuwa mtaani petu kivuli ni kimoja tu, kiti hicho nilikiweka chini ya msufi wa Bi Siwatu, mgongo wake umeegemea shina, na pale nikatumikia taifa miaka mitatu.

Bi Siwatu ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, wanangu watano wakiwemo. Anaishi na dada yake mkubwa, Bi Kidawa, ambaye miguu ilimkatalia mwaka wa tisa sasa. Kitanda chake kiko dirishani, na kutoka hapo anauongoza mtaa kwa mdomo. Nyumba ni ya chumba na ukumbi, ya marehemu baba yao, kiwanja chao, hati wanayo. Mti ndio wenye maneno. Miaka arobaini na minne iliyopita msafara wa Baba Mkuu, kiongozi wetu wa kwanza, ulipata pancha mbele ya nyumba hiyo. Kiongozi hawezi kusimama tu kama mtu anayesubiri gurudumu, basi akaletewa mche, akaupanda. Kibao cha shaba kipo mpaka leo: MTI HUU ULIPANDWA NA BABA MKUU. UDUMU.

Siku moja Bi Siwatu akanijia pale kitini, mikono kiunoni.

"Mjumbe, mti wangu unaliwa."

"Na nani?"

"Hebu geuza shingo."

Nikageuza. Shina lote, tangu nilipoegemea mimi kwenda juu, lilikuwa na matundu ya duara, kama limetobolewa kwa kekee. Mbawakawa mmoja, mweusi, ana pembe na ndevu ndefu, akatoka, akanitazama, akarudi ndani. Sijawahi kumwona mdudu wa namna ile tangu nizaliwe.

"Huyu si wa hapa," nikasema.

"Ndiyo nakwambia. Na nikiuliza nani kamleta, simpati."

Dirishani Bi Kidawa akadakia. "Mimi nawasikia, kwaru kwaru, kwaru kwaru, mchana kutwa. Mti ukichoka unaniangukia mimi. Siwatu atakimbia, ana miguu. Mimi nitakimbia na nini, na ulimi?"

Nilimwonea huruma, wallahi. Lakini huruma haina safu yake kwenye daftari. Nikauliza linalonihusu: "Wamelala hapa siku ngapi?"

"Mjumbe weye!" Bi Siwatu akasema. "Mti unaanguka, unaniuliza wamelala siku ngapi?"

"Zaidi ya tatu au chini ya tatu?"

Basi nikachukua chaki, nikahesabu matundu. Tundu moja, mgeni mmoja. Sikutaka kuwabana wawili wawili. Nikaandika: Mbawakawa, idadi 1,412. Miguu: sita kila mmoja. Mwenyeji: Bi Siwatu. Sababu ya kuja: kula. Wataondoka lini: chakula kikiisha. Kwenye safu ya Wametoka Wapi niliacha wazi, maana wenyewe hawakujibu. Nikagonga muhuri, nikajisikia kazi imefanyika.

Bi Siwatu alichotaka ni kitu kimoja, akate mti wake, kwenye kiwanja chake, kabla haujamlalia dada yake. Akaenda Idara ya Misitu. Bwana Misitu akampokea vizuri, akamwuliza ana miti mingapi.

"Mmoja."

"Msitu unaanzia miti mitatu, mama. Panda miwili, ikikua urudi."

Akaenda Idara ya Wadudu. Huko wanashughulika na wadudu wa chakula tu, na sufi hailiwi, hulaliwa. Wakampeleka Idara ya Malazi. Malazi wakasoma maneno ya kibao aliyoyanakili kwenye karatasi, wakasimama wima, wakampeleka Idara ya Kumbukumbu za Baba Mkuu. Huko akapewa fomu namba tisa. Mwisho wake imeandikwa: Mpandaji atie sahihi mbele ya shahidi.

"Mwanangu, mpandaji amefariki mwaka wa kumi na moja huu," Bi Siwatu akasema.

Karani akafikiri kwa bidii. "Basi shahidi atie sahihi mbele ya mpandaji."

Alirudi viatu mkononi, miguu imevimba. Lakini msiseme Serikali haisikii. Baada ya miezi mitano walimtuma mtaalamu, Daktari Masanilo, na magari matatu. Kulikuwa na tope, kwa hiyo aliukagua mti kwa darubini akiwa ndani ya gari la kati. Kisha akashusha kioo, akatuhutubia.

"Ndugu wananchi! Mti huu hauumwi. Mti huu unapumua! Haya mnayoyaona ni matundu ya hewa, na kwa takwimu tulizonazo, miti ya nchi jirani haina hata tundu moja. Jiulizeni wenyewe inapumuaje!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi kwa sababu ya cheo. Bi Siwatu akauliza, kwa upole kabisa, kama mti unapumua mbona umeinamia nyumba yake.

"Unasujudu," akasema Daktari, akapandisha kioo.

Kesho yake walikuja vijana wa halmashauri na ndoo za chokaa, maana kwetu kitu kikitazamwa na mkubwa lazima kipakwe chokaa. Wakalipaka shina mpaka urefu wa mtu, matundu yakazibika, likapendeza. Kando ya barabara wakasimika bango: HAPA HAKUNA MDUDU.

"Wameuvika sanda," Bi Kidawa akasema dirishani. "Bado kuuswalia."

Zikaja mvua. Ardhi ikalainika, na msufi ukazidi kuinama, leo kidole, kesho viwili, mpaka tawi moja likawa linagusa bati. Nikawaambia akina bibi wahamie kwangu. Bi Siwatu akacheka bila furaha. Sheria yetu inasema nyumba isiyolaliwa siku mbili imetelekezwa, na halmashauri inaichukua. Akamwita fundi wa msumeno, mtu wa miraba minne, asiyeogopa kitu. Fundi akaja, akawasha msumeno, akasoma kibao, akauzima. Aliondoka kwa kasi hata ndala moja akaiacha, na mpaka leo ninayo, nimeiandika kama mali iliyookotwa.

Siku hiyo ndipo nilipomwona Bi Siwatu akilia. Alikaa kwenye kizingiti, akajifuta kwa ncha ya kanga. Mwanamke aliyezalisha usiku na mchana miaka thelathini na sita, sikuwahi kumwona hivyo, na moyo wangu ukaniuma. Nikamletea kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumliwaza: daftari, aone angalau nilivyomwandika kwa mwandiko mzuri.

Akasoma. Akasoma tena. Akaacha kulia.

"Mjumbe, muhuri huu wa nani?"

"Wa Serikali."

"Kwa hiyo yaliyomo humu ni kweli?"

"Kweli tupu!" nikasema kwa hasira kidogo.

"Basi kwangu wamekusanyika elfu moja mia nne na kumi na wawili, na Serikali inakubali. Mkusanyiko unaoruhusiwa bila kibali mwisho ni wangapi?"

Nikajibu polepole: "Hamsini."

Bi Siwatu akajifunga kanga kiunoni, akachukua daftari langu, akaenda kituo cha polisi.

Ninaomba msomaji aelewe. Mwaka jana jirani yangu aliibiwa, polisi wakaja siku ya nne kuuliza kama mwizi bado yupo. Safari hii walifika baada ya dakika kumi na mbili: malori mawili, gari la maji ya kuwasha, ngao, kofia za chuma, na mbele yao Afande Njelekela mwenye kipaza sauti. Alisoma daftari, akasoma muhuri, akausogelea mti.

"Nyinyi mliomo humo! Mkusanyiko huu si halali! Nawapa dakika tatu mtawanyike!"

Dakika tatu zikaisha. Mbawakawa mmoja akatoka juu ya chokaa, akatikisa ndevu, akaingia ndani.

"Wanadharau," Afande akasema, na shingo yake ikavimba.

Kwa utaratibu wao, kabla ya mabomu ya machozi lazima nyumba za jirani ziwe tupu. Askari wanne wakaingia, wakambeba Bi Kidawa na kitanda chake na mto wake na redio yake, wakamweka kwenye uwanja wa msikiti. Njia nzima anawaelekeza. "Taratibu kwenye kona! We mrefu, inama! Kwenu hamkubeba wazee?" Na kwa kuwa waliomtoa ni Serikali yenyewe, nyumba haikuhesabiwa kutelekezwa.

Gari la maji lilikuja likitaka kusimama barabarani. Bi Siwatu akamwendea Afande, mikono nyuma, heshima tele.

"Mwanangu, mkiwapiga kutoka barabarani watakimbilia nyumbani kwangu, mtawapoteza. Wapigeni kutokea huku, ukutani kwangu. Watatokea barabarani, mtawaona wote peupe."

Afande akamtazama kwa mshangao. "Mama uliwahi kuwa jeshini?"

"Wodi ya wazazi," akasema.

Gari likapita pembeni ya nyumba, likaelekeza bomba lake kwenye mti. Bomu la kwanza likalia, tukaanza kulia wote. Maji yakatoka, chokaa ikaondoka yote kwa pigo moja, na udongo chini ya shina ukaanza kuyeyuka. Bi Siwatu alisimama nyuma ya dereva, kashika mlango, na sauti yake ya zamani ikamrudia.

"Sukuma! Haya, pumzika. Vuta pumzi. Sukuma tena! Usiache, usiache, kichwa kinakuja!"

Mti ukaguna. Ukainuka kutoka kwenye bati, ukasimama wima kidogo, ukafikiri, kisha ukaenda upande wa barabara wote, na vishindo vyake, juu ya bango la HAPA HAKUNA MDUDU. Maganda ya sufi yalipasuka juu kwa juu. Pamba ikajaa hewani, ikanasa kwenye ngao, kofia na masharubu ya Afande yaliyolowa. Nyumba haikuvunjika hata bati moja. Redioni walitangaza kwamba raia na askari walisimama pamoja wakibubujikwa na machozi kwa ajili ya mti wa Baba Mkuu, na sikuweza kukanusha, maana hata mimi macho yalinitoka maji siku mbili.

Furaha ilidumu wiki moja. Ikaja Tume ya Kuchunguza Kulala kwa Mti, kwa sababu rasmi haukuanguka, ulilala. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Kabwogi, aliletewa kiti changu akae, akakaa, unga ukadondoka kwenye viatu vyake. Alisikiliza siku moja, akatoa uamuzi.

"Imethibitika kwa daftari halali kwamba mama huyu alihifadhi wageni 1,412 wasiojulikana. Sheria iko wazi. Nyumba iondolewe ndani ya siku saba."

Mtu wa halmashauri akachora alama ya X nyekundu ukutani, chini ya dirisha la Bi Kidawa. Rangi ikachuruzika. Bi Siwatu alishika ukuta wa baba yake pale pembeni ya ile rangi.

"Isipokuwa," Mheshimiwa akaongeza akiinuka, "mjumbe ajaze safu aliyoiacha. Wametoka wapi? Nitakuja kusoma saa nne asubuhi."

Wakaondoka. Nikabaki na daftari, kalamu na kiti. Uandishi wangu mwenyewe ndio uliokuwa unabomoa nyumba, na niliona haya kumtazama mtu.

"Mjumbe," Bi Kidawa akaniita. "Nimekaa dirishani hapa miaka tisa. Kabla ya kiti chako kuja, mti ulikuwa kimya. Hebu kipindue."

"Kiti cha Jubilei? Kupindua?"

"Kipindue, nimesema."

Nikakipindua. Lahaula! Chini kote kilikuwa matundu matupu, na kwenye moja amechungulia mbawakawa, pembe na ndevu, anatafuna bila wasiwasi. Nikakaa chini. Miaka mitatu nilikiegemeza kwenye ule mti. Miaka mitatu nilifagia ule unga kwa adabu.

Bi Siwatu akaja akasimama juu yangu. Nilingoja matusi, nilistahili. Akasema tu, "Kumbe ni wewe uliyewaleta, na ni mimi uliyeniandika mwenyeji."

"Nisamehe, dada yangu."

"Nitakusamehe nyumba ikibaki. Unaandika nini?"

Nikamweleza ukweli wangu. Nikiandika *kitini*, nimetukana zawadi ya nchi rafiki. Wajumbe wawili waliolalamika kuhusu unga walipelekwa kupumzika na bado wanapumzika. Nikiacha wazi, nyumba inakwenda. Bi Siwatu akachutama kando yangu, akamtazama yule mdudu kwa muda, kama anavyowatazama watoto wachanga.

"Wale wa kitini walikuwa wangapi? Wachache. Hawa elfu na mia nne wamezaliwa wapi?"

"Mtini."

"Mtini kwa nani? Kwangu. Na mkunga wa mtaa huu ni nani?"

Nikainua kichwa. Nikaandika, kwa mwandiko wangu bora kuliko wote: Wamezaliwa hapa hapa Msufini. Yeye akaingia ndani, akatoka na muhuri wake wa zamani wa zahanati, akautemea mate, akagonga. Mkunga aliyeshuhudia: Siwatu. "Nimepokea wengi," akasema, "ila hawa hawakunisumbua hata kidogo."

Saa nne Mheshimiwa Kabwogi akasoma. Akasoma mara ya pili, midomo ikicheza. Nikafikiri nimekwisha. Mara akafunga daftari na kunyoosha mikono kama anakumbatia mtaa mzima.

"Kumbe ni raia!"

Uchaguzi ulikuwa umebaki miezi miwili. Aliagiza ile X ipakwe chokaa pale pale, akasimamia mwenyewe, na akabusu ukuta. Akaondoka na nakala ya ukurasa wangu, ameikunja kifuani.

Uchaguzi wa wajumbe nao ukaja. Wakazi wa nyumba zangu kumi, bila kunificha, wakamsimamisha Bi Siwatu anipinge. Watu wazima tuko thelathini na saba. Alipigiwa kura na wote, Bi Kidawa akiwemo, aliyebebwa na kitanda chake. Na mimi pia, niseme ukweli, nilimpigia yeye. Niliingia kwenye kile kijichumba cha pazia, nikakumbuka ile X ukutani, mkono wangu ukaenda wenyewe.

Matokeo yalisomwa pale ulipolala mti. Bi Siwatu, kura thelathini na saba. Mimi, kura elfu moja mia nne na kumi na mbili. Waliojitokeza, asilimia mia moja. Mtaa wetu ukapewa kikombe kwa mwamko, na mimi nikaletewa zawadi ya ushindi, kiti cha pili, simba wake anacheka zaidi ya yule wa kwanza.

Bi Siwatu alicheka mpaka akashika ukuta. Akanipa mkono, "Hongera, Mjumbe," na hakuwa na kinyongo, ndiyo maana nilitamani ardhi inimeze. Nikafungua daftari ili nionekane nina kazi.

"Mjumbe," Bi Kidawa akaniita kutoka dirishani. "Hao waliokuchagua, baada ya yale maji na yale mabomu, wako hai au wamekufa?"

Nikatazama ukurasa juu mpaka chini. Nikamwambia daftari halina safu hiyo.